Makarani Arobaini na Watatu

Hoteli ile ilikuwa na ghorofa nne, vyumba sitini na wafanyakazi arobaini na watatu, na kwa mujibu wa fomu ya bima, wote walikuwa makarani. Mpishi karani. Mlinzi wa getini karani. Yule bwana mrefu anayekaa kando ya bwawa kuokoa wanaozama, naye karani, ingawa hakuwa ameshika kalamu tangu alipoacha shule kwa furaha ya walimu wake.

Aliyezijaza fomu hizo ndiye aliyekuwa karani pekee wa kweli, mtu mwembamba wa ofisi ya utumishi ambaye wenzake walimwita Faili, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila faili kwapani. Usidhani alikuwa mwizi. Faili alikuwa mtu mwema, mwenye mke, watoto watatu na woga mwingi. Mimi nimeishi vya kutosha kujua kwamba waoga wema wameiharibu dunia hii kuliko wezi.

Mambo yalianza siku Meneja alipomwita akiwa na kijitabu cha bima ya fidia, ile inayomlipa mfanyakazi akiumia kazini. Kijitabu kiliwagawa watu wa hoteli kwa madaraja. Daraja la kwanza ni wa ofisini, ambao ada yao ni ndogo kwa sababu kalamu haijawahi kumkata mtu mkono. La pili ni wahudumu wa mezani na vyumbani. La tatu ni jikoni na chumba cha kufulia, kwenye moto, visu na mashine, na ada yake ilimfanya Meneja ashike kifua.

"Soma hapa," alisema, kidole juu ya mstari. "Mfanyakazi wa ofisi ni yule mwenye meza, kalamu na daftari. Sasa niambie, mpishi akiwa na meza?"

"Meza anayo, bosi. Anakatia nyama."

"Tukimuongezea kalamu?"

Faili alijua jibu. Lilimfika mpaka kwenye ulimi, likaona mazingira ya huko nje, likarudi. "Wazo zuri, bosi," akasema.

Basi zikatolewa meza kuukuu kutoka stoo ya ukumbi wa mikutano, moja moja, zikagawiwa hoteli nzima. Jikoni ikawekwa kati ya jiko na sinki. Bwawani ikawekwa chini ya mwavuli. Kila mtu akapewa kalamu, daftari na cheo. Mpishi akawa karani wa vyakula, mlinzi akawa karani wa lango, mwokoaji akawa karani wa maji. Amri ilikuwa kwamba kila siku waandike kitu, na waliandika. Mlinzi aliandika, "Watu wameingia. Watu wametoka." Karani wa maji aliandika, "Maji yapo."

Mkaguzi wa bima aliyefika alikuwa mzee mpole mwenye karatasi yenye visanduku. Alitembea hoteli nzima akihesabu meza, akatia alama, akagusa kalamu moja moja kuona kama zina wino. Jikoni mpishi alikuwa na kisu mkono mmoja na kalamu mkono wa pili, jasho likimtiririka mpaka kwenye daftari. Mkaguzi akaandika: ofisi ina joto.

"Nina miaka thelathini kazini," alimwambia Meneja wakati wa kuaga. "Wizara zote nimezikagua, lakini sijaona mahali penye makarani wengi namna hii."

Meneja alicheka siku mbili.

Mtu mmoja tu aliichukulia meza yake kwa dhati, naye alikuwa dobi wa hoteli, mama mzito wa mwili na mwepesi wa maneno, ambaye alikuwa amefua na kupiga pasi mashuka ya hoteli ile kwa miaka kumi na tisa. Ndiye aliyemwombea Faili kazi. Na ndiye aliyemzaa mke wa Faili.

Faili alipompelekea barua iliyosema "karani wa mashuka", mama mkwe wake aliifuta mikono kwenye aproni kabla ya kuipokea. Aliisoma mara mbili.

"Mkwe," alisema, "kumbe wananiona."

Faili alitaka kumwambia ukweli. Lakini mkwe ni mkwe, utaanzia wapi kumwambia mama wa mkeo kwamba umemvika kilemba cha ukoka? Akasema, "Unastahili, mama." Jioni ile mama alipita nyumba kwa nyumba mtaani akieleza cheo chake, na Jumapili akanunua kitambaa cha kutandika juu ya meza.

Meza yenyewe ilikuwa imesimamishwa nyuma ya mgongo wake, hatua mbili kutoka kwenye mashine ya pasi, kwa kuwa Meneja alitaka mkaguzi aione akiwa bado mlangoni. Kwa miaka kumi na tisa yule mama alikuwa akilivuta shuka kutoka kwenye mashine huku akirudi nyuma hatua tatu. Miguu yake ilikuwa imezoea hivyo, haikuwa inasoma barua za vyeo. Alhamisi moja, hoteli ikiwa imejaa, alirudi nyuma hatua mbili, ya tatu ikakutana na kona ya meza. Alipepesuka kwenda mbele, akanyoosha mkono ajishikilie, na mkono ukaingia kati ya zile roli mbili za moto zinazonyoosha mashuka.

Fundi alizima umeme. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikuokolewa. Vitatu vilivyobaki, daktari alisema, vingeweza kukunjika tena kama angefanyiwa upasuaji wa pili ndani ya mwezi ule. Upasuaji ule ulihitaji fidia, na fidia ilihitaji bima.

Jibu la bima lilikuja kwa lugha ya heshima. Walisikitika sana. Hata hivyo, karani wa mashuka hana shughuli yoyote na mashine ya pasi, na kama alikwenda huko, basi alikwenda kwa matembezi yake binafsi.

"Tubadilishe maelezo," Meneja alisema. "Andika alibanwa na droo ya meza yake."

"Mkono umeungua, bosi."

"Andika droo ilikuwa juani."

"Chumba cha kufulia hakina dirisha."

Meneja alimtazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mtoto mzito darasani. "Sahihi kwenye zile fomu ni ya nani, Faili? Mwenye kutia sahihi ndiye mwenye kujibu. Mimi nilitoa wazo tu."

Nyumbani mke wa Faili hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa akikunja nguo za mama yake za kupeleka hospitali. "Nieleze taratibu," alisema, "maana mimi sikusoma mambo ya bima. Mama yangu amekuwa karani tangu lini?"

Faili alieleza. Alipofika kwenye meza, mke wake aliacha kukunja.

"Kwa hiyo ulimuona anatandika kitambaa," alisema, "ukanyamaza."

Mchuma janga hula na wa kwao, walisema waliotangulia, ila hawakusema kwamba wa kwao ndio hupewa sahani ya kwanza. Asubuhi yake Faili alikwenda hospitali mapema, kabla ya yule mkaguzi wa bima, ambaye alitakiwa kuchukua kauli ya mgonjwa kabla ya shauri kufungwa. Alisimama pembeni ya kitanda, macho kwenye miguu yake, akamwambia mama mkwe wake yote: madaraja, ada, meza.

Mama aliutazama mkono wake uliofungwa bandeji, juu ya mto.

"Na mimi nimemwambia kila mtu," alisema. Kisha akauliza, "Wakijua, watakufanya nini?"

"Kazi itaisha, mama. Labda na mashtaka."

"Na wajukuu zangu?"

Mlango ukafunguliwa, akaingia mkaguzi na karatasi zake, Meneja nyuma yake na mfuko wa matunda. Simu ya Meneja ikalia. Akaweka matunda kitandani, akatoka kwenye korido kuongea.

Mkaguzi alivuta kiti. "Pole sana, mama. Kanuni zinataka nisikie kwa mdomo wako. Kama wewe ni dobi, utalipwa kila kitu, na upasuaji juu yake. Hoteli itatozwa faini, na aliyejaza fomu atajieleza mahakamani. Kama ni karani, faili hili nalifunga leo. Kazi yako ni ipi?"

Faili alikuwa akijua atakalosema mama. Kila mtu angelijua. Nani angeacha vidole vyake kwa ajili ya mjinga mwenye faili kwapani?

"Karani," alisema mama.

"Una hakika, mama?"

"Mwanangu, mtaa mzima unajua. Waulize."

Mkaguzi alishusha kalamu kwenye kisanduku. Faili aliuona ule mkono juu ya mto, mnene kwa bandeji, na akaona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani, aibu ya kupendwa na mtu uliyemuuza. Lile faili likamdondoka kwapani, karatasi zikatawanyika hadi chini ya kitanda, na hakuinama kuziokota.

"Ni dobi," alisema. "Amefua na kupiga pasi miaka kumi na tisa. Meza tuliiweka sisi, na ndiyo iliyomsukuma kwenye mashine. Ukinitoa mimi, wote arobaini na wawili si makarani. Nimewaandika mimi, kwa mkono huu."

"Mjinga wewe!" mama alimkemea, machozi yakimtoka. "Watoto watakula nini?"

"Sijui, mama."

Mkaguzi aliwatazama wote wawili, kisha akageuza karatasi upande wa pili, palipokuwa na visanduku vya mtoa taarifa. Alikivuta kiti chake karibu na Faili. Labda katika miaka thelathini hakuwa amewahi kukuta mtu ndani ya fomu.

"Kazi yako?" aliuliza.

Faili alisikiliza kule kwenye korido.

"Andika karani," alisema. "Lakini andika haraka, mzee wangu. Meneja anamalizia simu."