Matairi Nyuma ya Banda

Wifi yake Sumaku alipoanguka juu ya lundo la chupa za plastiki, wenzake walidhani anafanya mzaha, maana pale yadi ya kuchambulia taka hakukuwa na mwenye mzaha kama yeye. Ndiye aliyembandika Sumaku jina hilo, kwa jinsi mwenzake alivyojua kunasa kila kipande cha chuma kilichojificha ndani ya taka.

"Amka basi, gari linaingia," Sumaku alimwambia.

Wifi hakuamka. Mwili ulikuwa unawaka moto.

Walimpakia kwenye mkokoteni wa maboksi wakamsukuma hadi zahanati. Kaka yake Sumaku, mume wa mgonjwa, aliwakuta huko akihema, ovaroli yake ya gereji imelowa oili. Muuguzi alipotoka na majibu alisema si malaria, ni homa ya dengi.

"Lakini sisi tunalala ndani ya chandarua," kaka alisema, kama mtu anayejitetea mahakamani.

"Mbu wa homa hii anauma mchana, baba. Anataga penye maji yaliyotuama: makopo, ndoo, matairi. Mkeo mchana anashinda wapi?"

Kaka akamgeukia dada yake. Sumaku alishalipata jibu. Nyuma ya banda wanalochambulia taka kulikuwa na mlima wa matairi makuukuu ambayo msimamizi wa yadi aliyarundika akisubiri mnunuzi. Mvua ikinyesha yanajaa maji. Mwanamke wa meza ya kuchambulia vioo alishaugua homa ya kuvunja viungo, na mfunga marobota vilevile. Wote waliambiwa ni uchovu.

Alirudi yadi, akaenda moja kwa moja kwa msimamizi. Alimkuta ameweka miguu juu ya kiti cha pili, feni inampepea.

"Mnashinda kwenye uchafu kutwa nzima, leo mbu ndio wamekuwa tatizo?" msimamizi alisema. "Mbu na nyinyi ni ndugu. Anayeogopa mbu akauze maua."

"Hawa hawakuzaliwa kwenye taka. Wamezaliwa kwenye matairi yako."

"Lango liko wazi, mama."

Sumaku alitoka. Bandani aliwaeleza wenzake yote, ya muuguzi na ya msimamizi, akasema kesho hagusi taka mpaka matairi yaondoke. Mzee wa kuchambua makaratasi, aliyewatangulia wote katika kazi ile, alimvuta pembeni.

"Mwanangu, mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha, baba, mpaka mgongo umegusa ukuta."

Mzee akavua glavu zake zilizotoboka, akazitundika msumarini. "Basi kesho nami nisihesabiwe kwenye makaratasi," alisema.

Kesho yake gari la kwanza lilimwaga taka na hakuna aliyezigusa. Watu walizunguka nyuma ya banda wakaanza kuviringisha matairi, kila mmoja na lake, maji meusi yakiwarukia miguuni. Waliyapanga chini ya dirisha la msimamizi, tairi juu ya tairi, mpaka ofisi ikaingia giza. Sumaku alichota maji ya tairi kwa beseni, akaingia nalo, akaliweka mezani. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinajikunja na kujikunjua ndani yake.

"Ndugu zangu hawa," alisema. "Wamekuja kukusalimia."

"Toa kitu hicho hapa. Naita polisi."

"Waite. Nao wana damu."

Madereva, walipoona hakuna wa kupokea mizigo, walizima injini. Foleni ya magari ya taka ikafika barabara kuu, harufu ikawatangulia hadi kwenye maduka, na kabla ya jua la utosini tajiri mwenye yadi alikuwa ameshafika. Alisimama mbele ya wafanyakazi kuanza hotuba juu ya subira na nidhamu. Katikati ya neno nidhamu alijipiga kofi la shingo. Akajipiga jingine la mkono. Mwanamke wa meza ya vioo alicheka kwanza, kisha yadi nzima ikaangua kicheko.

"Matairi yataondoka wiki hii," tajiri alisema, akijikuna.

"Leo," Sumaku alisema.

"Wiki hii, mama, nimeshasema."

"Na sisi tutachambua wiki hiyohiyo, yakishaondoka."

Yaliondoka jioni ileile, kwenye magari yaleyale yaliyoleta taka.

Asubuhi iliyofuata mlinzi alimzuia Sumaku langoni. Aliinamisha macho akasema ni amri ya msimamizi. Sumaku hakubishana naye. Alikaa chini pale pale. Mzee wa makaratasi akaja, akauliza kulikoni, akakaa kando yake. Kila aliyefika alikaa. Magari yalipoanza kupiga honi nyuma yao, lango lilifunguliwa kwa wote.

Wifi alirudi kazini baadaye, amekonda, viungo vikimuuma kiasi kwamba hakuweza kusimama mezani. Alipindua ndoo akaikalia, akawa anachambua chupa akiwa chini. Msimamizi alipopita alimwambia kazi ile haifanywi kwa kukaa.

Wifi alimtazama juu mpaka chini. Kisha akavuta gunia jingine karibu, akalifungua, akaendelea kukaa.