Picha Ambayo Hakuitundika

"Hivi shoga, mbona ukutani kwako hakuna picha ya marehemu?" jirani alimuuliza siku moja, macho yakizunguka sebule nzima.

"Ipo kazini," mjane alijibu, akimwongezea chai.

"Kazini! Yaani umemfungia baba wa watu kabatini?"

Wakacheka. Hakumwambia ni picha ya nini.

Alifanya kazi hospitalini, chumba cha picha. Vioo vyembamba vyenye vipande vya nyama za wagonjwa, vilivyokatwa kwa uchunguzi, hupitishwa kwenye mashine, na picha zake huingia kwenye kompyuta. Ni nzito mno, na diski ya haraka, inayofungua picha papo hapo, haizitoshi zote. Isiyofunguliwa kwa muda mrefu huhamishiwa ghala la mbali, na kuirudisha ni hadi kesho yake. Basi kila Ijumaa, dua mdomoni, mjane alifungua picha za tumbo la mumewe zisije zikahamishwa. Uvimbe hakuutazama. Alisogea hadi ukingoni, pale nyama ilipokuwa bado nzima, akakaa naye kidogo.

Asubuhi moja daktari wa maabara aliingia amekunja uso.

"Mama, upasuaji umeahirishwa. Picha za zamani za mgonjwa ziko ghalani, na zikirudi hazina pa kukaa, diski imejaa. Halafu kuna huyu hapa, hakuna daktari anayemfungua, wala haondoki. Ni wa nani?"

"Wangu."

"Wako kivipi?"

"Mume wangu, daktari."

Daktari akavuta kiti, akakaa taratibu. "Pole, mama. Sikujua. Lakini hazifutwi, zinaenda ghalani tu. Siku ukimtaka, unaagiza."

"Hata siku ya mazishi waliniambia amepumzika tu."

Daktari akageukia dirishani. Nje, mume wa yule mgonjwa alikuwa amekaa kwenye benchi, amekumbatia mkoba wa mkewe kama mtoto mchanga. Mjane aliijua benchi ile. Hapo hapo ndipo alipokumbatia koti la mumewe, akaambiwa asubiri, akasubiri.

Akazifungua picha za mumewe. Akasogea hadi ukingoni, akaweka kidole juu ya kioo cha kompyuta.

"Haya, baba watoto," alisema kwa sauti ndogo. "Wapishe wenzio."

Akabonyeza pa kuzipeleka ghalani. Pale alipokuwa mumewe pakabaki peupe.

"Mama..." daktari alianza.

Mjane akajitanda mtandio wake, akapita mbele ya ile benchi, akatoka.