Ngolo wa Mara ya Pili

"Umemfuta mtoto wa watu, Gervas!"

"Mama Upendo, nimefuta jina lililojirudia. Si wewe uliyeweka sharti, jina likitokea mara mbili kwenye orodha kisanduku chake kiwe chekundu? Nikikusaidia kazi nageuka mkosaji?"

"Niliweka liwe jekundu ili uulize. Nani alikwambia ufute?"

Pudensiana, mama yake Upendo, alimsukuma kwa bega, akaivuta kompyuta. Kwenye orodha ya watoto wenye utapiamlo wa zahanati yao alikuwa amebaki Ngolo Ngusa mmoja, na huyo alishafariki mwaka juzi. Mdogo wake, aliye hai, hayupo. Baba mmoja, mama mmoja, Monika, na jina hilohilo, maana bibi yao alikataa katakata jina la marehemu lipotee. Gervas, nesi mgeni aliyekuja Kabungu juzijuzi, angeyajulia wapi?

"Alitakiwa apelekewe lishe Jumatatu," alisema Pudensiana. "Mhudumu anafuata orodha. Leo Ijumaa, na hakuna aliyekwenda."

"Basi mwandike upya, yaishe."

Pudensiana alisogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. Alikuwa anakitazama kisanduku cha Ngolo. Kilikuwa bado chekundu.

Akapekua juu mpaka chini, akafunua na mistari iliyofichwa. Ngolo Ngusa ni mmoja tu. Akaandika jina lake mwenyewe mara mbili pembeni; yote mawili yakawa mekundu. Akafuta moja, lililobaki likarudi jeupe. Ngolo akabaki vilevile. Akazima kompyuta, akaiwasha. Mwekundu.

"Imekwama hiyo," alisema Gervas, lakini alikuwa ameshasogea mbali na meza. Akajitia kucheka. "Au marehemu kapata kampani huko aliko."

"Funga mdomo wako."

Alimkumbuka Monika siku za kliniki. Ukiita jina, anabaki kwenye benchi, mtoto kampakata, kimya kama hajasikia. Ukiita tena ndipo anainuka. Pudensiana alimgombeza siku moja, kwamba anachelewesha wenzake. "Ya kwanza ni ya kaka yake, dada," Monika alimjibu, wala hakutabasamu. "Huyu akiitikia ya kwanza, atamfuata."

Tangu Jumatatu hakuna aliyeita hata mara moja. Na kwenye kioo jina la marehemu lilikuwa linawaka peke yake, kama mtu anayesubiri mwenzake.

Pudensiana alizoa paketi za lishe akazitia kwenye mkoba. "Usiguse hicho kisanduku," alimwambia Gervas, akatoka kumwita Maiko wa bodaboda.

Nyumbani kwa Ngusa ng'ombe walikuwa wamekwenda malishoni, uani hapakuwa na mtu. Maiko alizima pikipiki, pakawa kimya kupita kiasi. Pudensiana alisimama mbele ya mlango ulio wazi.

"Ngolo Ngusa!"

Hakuna aliyeitikia. Mbwa aliyelala kizingitini aliinuka, akasogea pembeni taratibu kama anayempisha mtu, akamfuatisha kwa macho mpaka kwenye pikipiki. Maiko akashuka haraka.

Pudensiana alikaza macho mlangoni. Hakugeuka.

"Ngolo Ngusa!"

Ndani, kwa sauti nyembamba ya mtoto asiye na nguvu, kilio kikaanza. Pudensiana aliingia bila kupiga hodi, akachana paketi ya kwanza kwa meno.