Kura Isiyo na Kina

Hedifoni nilizonunua sokoni Bungoma zilikuwa takataka, na simwombi mtu radhi kwa kusema hivyo. Kwenye boksi waliandika "sauti ya studio". Studio gani? Masikio yalitoka jasho kama ya mtu aliyefungwa blanketi kichwani. Siku ya tatu ngozi yake ya bandia ilianza kubanduka, ikaniachia magamba meusi shingoni. Besi yake ilikuwa ya mtu anayepiga debe tupu ndani ya choo.

Lakini nilizihitaji. Redio moja ya Kitale ilikuwa inatafuta mshairi mmoja wa kughani tungo zake kila Jumamosi asubuhi, kwa sauti yake mwenyewe. Mtayarishaji wao, Lorna, alinipigia simu akasema nipeleke rekodi siku ya Ijumaa. Miaka sita nimejifunza ushairi peke yangu, natunga kwa mdomo nikikamua ng'ombe wa mama huko Sirisia, nahesabu mizani kwa kila mvuto wa chuchu. Walimu wenye vyeti hawakunifundisha kitu. Nafasi ile ilikuwa yangu, na sikuona nani mwingine angeistahili.

Nikarekodi kwa simu, nikavaa zile takataka, nikasikiliza. Ubeti wa kwanza nilikuwa nimeutunga hivi:

Mlitaka zetu kura,
tukawapa bila hila,
sasa mmekaa kula,
na sisi njaa twalala.

Nilichosikia ni kitu kingine. "Bira hira." "Mmekaa kura." "Njaa twarara." Nikarudia mara nne. Kulikuwa na mtu ndani ya zile hedifoni ananikejeli, anachukua kila "l" yangu safi na kuisaga.

Kesho yake nikazirudisha kwa Mukhwana, aliyeniuzia. Nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba anauza hedifoni zinazobadilisha herufi. Hakukasirika. Alizivaa, akafumba macho, akasikiliza ubeti wote huku akiitikia kwa kichwa.

"Si iko sawa tu, bana," akasema. "Kura ni kura. Ata nimesikia njaa."

Nikamuuliza ni kura gani aliyoisikia, ya kupiga au ya kuweka mdomoni. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji ni maji.

"Yote ni kura, msanii. Wewe unatafuta makosa kwa waya."

Watu wakacheka. Nikaondoka nikilidharau soko zima, muuzaji na wanunuzi, watu wasioweza kutofautisha debe la uchaguzi na sahani ya ugali.

Ijumaa nikafika Kitale. Lorna alikuwa na Kipketer, msoma habari wao, mtu mwenye sauti laini ya mafuta ya kupikia na isiyo na chumvi hata chembe. Kabla hawajasikiliza chochote niliwaonya kwamba rekodi ni nzuri, ila hedifoni zangu zinaiharibu. Lorna akazichukua, akazichomeka kwenye mashine yake, akaweka taarifa ya habari aliyosoma Kipketer asubuhi ile, akanivisha. Kila "l" ilikaa kwenye kiti chake, na kila "r" kwenye chake. Kisha akaniwekea sauti yangu.

"Hedifoni ni nzima, Wabwile," akasema. "Ni ulimi."

Mimi, niliyekuwa nawacheka wasomaji wa kanisani kwetu wakisema "Bwana arisema". Mimi, niliyemtukana Mukhwana mbele ya watu. Nilitamani kumdharau mtu, na mtu wa karibu zaidi alikuwa mimi.

Lorna alisema shairi amelipenda. Kipketer angeweza kulighani, na jina langu lingetajwa. Kipketer akavuta karatasi niliyoliandikia shairi bila kuniuliza na kuanza kusoma kwa ule ulimi wake ulionyooka. Kura. Hila. Kula. Twalala. Akaishia hapo.

"Mstari wa kwanza hauna kina," akasema. "Mshairi gani huyu?"

Ilikuwa kweli. Kinywani mwake kura ilisimama peke yake nje ya ua, kama ng'ombe aliyekataa kuingia josho. Kinywani mwangu mistari yote minne iliingia pamoja. Lorna akanipa kalamu. Neno moja tu, akasema, badilisha hilo la kwanza.

Nikaishika kalamu. Nikitoa kura, shairi linakuwa malalamiko ya mtu mwenye njaa tu, na ya hivyo yamejaa kila mahali.

"Huyu hawezi kulisoma," nikamwambia Lorna. "Kina chake kinapatikana mdomoni mwangu peke yake."

Kipketer akacheka kwa pua. Lorna hakucheka. Alisema wasikilizaji watanicheka kutoka Endebess hadi Lugulu, kwamba simu zitapigwa, na kwamba yeye hatanitetea. Akauliza kama nimeelewa.

"Wacheke," nikasema. "Lakini waambie sikukosea."

Akafungua maikrofoni ya kurekodia. Kipketer akaninyooshea hedifoni za pale kituoni, nyeusi, nzito, nzuri kweli, ili nijisikie ninapoghani. Nikazisukuma kando. Nikaanza. Nilipofika kwenye njaa, niliisikia ile "r" ikija kutoka mbali, na nikaiacha ipite.