Navuka Mara Moja

Mtumbwi ulirudi mtupu, lakini ulirudi mzito. Ulishuka kwenye maporomoko, ukatumbukia bwawani kwa kishindo, kisha ukajikokota hadi gatini ukiwa umezama mpaka kwenye mstari mwekundu, ule unaoonyesha kuwa ndani ameketi mtu mzima mmoja. Tena ulikuwa umeinama kidogo upande wa kushoto. Innocent, mwendesha mitumbwi, alikuwa amenyoosha mkono ili audake; akaurudisha mkono mfukoni. Ilikuwa asubuhi yenye jua kali, na mgeni wa kwanza alikuwa bado hajakata tiketi.

Alimwita Ruthi, mtunza maji wa bustani ile ya michezo ya maji. Ruthi hakuwa mwanamke wa kushtushwa na vyombo. Aliamuru mtumbwi utolewe majini, ugeuzwe, ugongwegongwe tumboni, maana plastiki ikipata ufa hunywa kimyakimya kama mlevi wa siri. Haukutoa hata tone. Kesho yake wakatanguliza mwingine, nao ukarudi vilevile. Wageni walipopanda, mitumbwi iliwabeba kwa uzito wao, haukuzidi wala kupungua. Ni ule wa asubuhi tu, unaotangulizwa mtupu kuijaribu njia, uliorudi na abiria asiyeonekana. Innocent, ambaye mdomo wake haukujua kufungwa, alianza kwa kuukaribisha: karibu, shuka taratibu. Baadaye utani ukamwishia. Akawa anautanguliza na gunia la mchanga ili, kwa maneno yake, kiti kisibaki wazi.

Bustani ilikuwa ya Huzefa Esmailji, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi ambaye watu wa Ngamiani, mjini Tanga, walimwona ana wazimu aliponunua shimo la chokaa lililoachwa, kando ya barabara ya Horohoro, akalijaza maji. Leo wanapeleka watoto wao huko kila sikukuu, na wazimu umekuwa akili. Siri ya mahali pale, ambayo mgeni hana haja ya kuijua, ni kwamba maji ni yaleyale. Pampu huyanyonya kutoka chini ya bwawa, ikayapandisha mnarani, yakateremka mferejini yakibeba mitumbwi, yakaanguka bwawani, yakanyonywa tena. Pampu ikiwaka, bwawa hushuka shubiri moja, kwa kuwa sehemu ya maji iko safarini. Ikizimwa, yote hurudi nyumbani, na kila kitu kisichofungwa husukumwa hadi gatini. Kisima huongeza kile tu ambacho jua limekunywa. Na ili mgeni asione mabomba na vyuma vilivyolala chini, hutiwa rangi ya samawati inayolifanya bwawa lifanane na bahari ya kwenye kalenda. "Rangi kwa macho, klorini kwa pua," Huzefa alipenda kusema akiwatembeza wageni wake wa heshima. Tangu lijazwe, bwawa lile halikuwahi kukaushwa.

Hapo mwanzo kazi ya maji ilikuwa ya Anold, mume wa Ruthi. Ndiye aliyemfundisha mkewe, wakati huo mkaanga viazi wa mgahawani, kuweka kiganja juu ya pampu na kujua kama ina afya au inaumwa. Kila asubuhi Anold aliupanda mwenyewe mtumbwi wa kwanza, akaketi mbele, upande wa kushoto, akashuka maporomokoni amekunja mikono kama bwana harusi anayepigwa picha. Kisha jioni moja akatoweka. Sadalla, mlinzi wa geti, ndiye aliyemwona mwisho, na neno lake lilienea mji mzima kabla ya chakula cha usiku: Anold kavuka. Kwa watu wa Tanga, aliyevuka amevuka mpaka wa Horohoro, amekwenda Mombasa. Na kwa kuwa mji haupendi habari fupi, uliiongezea mwanamke, ukampa nyumba Likoni na mimba changa.

Ruthi aliamini. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote, kwamba aliamini haraka. Hakulia. Alichoma nguo za mumewe nyuma ya jiko. Viatu vyake vya kazi alivikuta gatini, akavichoma navyo, akijiambia kuwa kwa mwanamke mpya mtu huenda na viatu vipya. Mama mkwe wake, Beatrisi, alipomwomba wasali pamoja, alimjibu kwamba yeye haombei watoro. Tangu siku hiyo wakawa wanakaa mabenchi ya mbali kanisani. Huzefa alipokosa mtu wa maji, akampa yeye kazi ile, naye akaishika kwa hasira, kama mtu anayekalia makusudi kiti cha adui yake. Masika mawili yalipita.

Kwa hiyo mitumbwi ilipoanza kurudi na uzito, aliujua ule upande wa kushoto kabla Innocent hajausema. Asubuhi moja, mwenzake alipokwenda kunywa chai, aliinama akauwekea mtumbwi mtupu kiganja ukingoni. Ulitikisika, ukaegemea kulia, ukatulia, jinsi mtu anavyojisogeza kwenye benchi ili kumpa mwenzake nafasi. Ruthi aliondoa mkono. Aliogopa, na ndani ya woga ule mlikuwa na ghadhabu: kama amefia huko kwa mwanamke wake, kwa nini asimrudie huyohuyo mwanamke wake?

Idd ilipokaribia, maporomoko yakaanza kudhoofika. Huzefa alisimama gatini, kofia mkononi, akalalamika kwamba maji yanadondoka kama ya bomba la mtaani. Ruthi alimweleza kuwa pampu inakosa pumzi. Wavu wa chuma ulio chini ya nyumba ya pampu, ng'ambo ya bwawa, umezibwa na kitu. Na pale jiwe la chokaa limeliwa na maji likaacha uvungu, hivyo kinachoingia hakitoki chenyewe. Huzefa alidhani ni majani ya mwarobaini. Akamwomba aende akajaribu kuyavuta kwa ndoana.

Kwenda ng'ambo kulikuwa kwa chelezo, ubao mpana uliofungwa juu ya mapipa, ambao mtu hujivuta nao kwa kamba. Ruthi alizima pampu kwa swichi ya gatini, akavua viatu kwa sababu ubao huteleza, akaviacha palepale. Sadalla alikuwa anapita na birika lake la kahawa. Ruthi akamwamkia shikamoo, mzee akaitika marahaba, kisha akauliza amwambie nini bosi akimtafuta.

"Mwambie navuka mara moja."

Neno lilimtoka likiwa la kawaida, neno la kazini, ambalo yeye na Innocent walilitumia kutwa nzima bila kulifikiria. Kisha akalisikia. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari juu ya chelezo. Maji ya mferejini yalikuwa bado yanarudi bwawani, yakiisukuma mitumbwi, mmoja nyuma ya mwingine, kuja pale walipo.

"Mzee Sadalla," alisema, "siku ile Anold alikwambia nini?"

"Si wajua, mwanangu. Kanambia, 'Mzee, navuka mara moja.'"

"Alitaja Horohoro?"

Mzee aliweka birika chini. "Basi la Mombasa lilikuwa limesimama hapo getini, lapakia. Kuvuka kwingine ni kupi?"

"Alivaa nini?"

Polisi walikuwa wamemwuliza Sadalla yule bwana alikwenda wapi. Beatrisi alimwuliza alikuwa na nani. Mji haukumwuliza kitu, ulijijibu wenyewe. Hili la mavazi hakuwahi kuulizwa. Aliitazama miguu ya Ruthi, mmoja ubaoni na mmoja gatini, kisha akatazama kwingine.

"Kaptula," alisema. "Na miguu mitupu."

Jioni ile Anold alipotoweka, chelezo kilikutwa gatini, na ndiyo sababu hakuna aliyefikiria ng'ambo. Lakini Ruthi mtunza maji alijua jambo ambalo Ruthi mkaanga viazi hakulijua: pampu ikizimwa, chelezo kisichofungwa hurudi chenyewe, kikiwa na mtu au hakina. Aliuondoa mguu wake ubaoni polepole. Alijiona akiwa mbele ya moto nyuma ya jiko, akitupia kiatu cha kwanza, akitupia cha pili, na akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata siku watu walipomnyooshea kidole.

Hakukimbia. Alikwenda kwenye koki kubwa ya kutolea maji, ile inayofungua bwawa kuelekea bonde la nyuma, akamwita Innocent. Ilikuwa imeshika kutu. Wakaitia bomba la chuma, wakaning'inia juu yake wote wawili mpaka koki ikalia na kuzunguka. Huzefa alikuja mbio. Aliuliza kama amerukwa na akili, Idd iko mlangoni, na maji yale kisima kiliyatafuta kiangazi kizima.

"Bosi," Ruthi alisema, "mume wangu hakwenda popote."

Akamweleza maneno ya Sadalla. Huzefa alilitazama bwawa, ile samawati yake nzuri ambayo alikuwa akiichanganya kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akavaa kofia, akamwomba Sadalla afunge geti. Ruthi alitoa simu akampigia mama mkwe wake. Akasema tu kwamba anaomba radhi, na kwamba mama aje.

Wakasimama gatini wakingoja. Bwawa lilishuka bila sauti, likiacha ukanda mweupe wa chokaa kwenye kuta, na ukanda ukawa unapanuka. Mitumbwi ilikuwa imefungwa kwa kamba ndefu, ikishuka pamoja na maji. Yote ilielea juujuu, isipokuwa ule wa asubuhi hiyo, ambao gunia lake la mchanga lilikwisha kutolewa, lakini bado ulikuwa umezama mpaka kwenye mstari wake mwekundu, umeinamia kushoto.

Kisha mstari ukaanza kujitokeza. Mtumbwi ule uliinama kwa nguvu upande wa gati, kama mtu amesimama na kukanyaga ukingo ili ashuke, halafu ukanyooka, ukawa mwepesi, upepo ukauzungusha kama kifuu. Innocent alirudi nyuma hatua moja, akaacha njia.

Ruthi alijitanda kanga kichwani. Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, naye hakuyafuta. Aliitazama nafasi ile tupu mbele yake, mahali ambapo mtu aliyetoka majini angesimama, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mke anayefungua mlango:

"Pole na safari."

Maji yakaendelea kushuka, na kule ng'ambo, chini ya nyumba ya pampu, mdomo wa uvungu ukaanza kuonekana.