Futa, Usigeuze

Meza yangu ya kukatia nguo ilitekwa siku ya Jumanne, mimi nikiwa nimetoka kwenda kumpima mteja. Niliporudi nikakuta vitambaa vyangu vimelundikwa kitini, na pale pangu pa miaka kumi na minne pamelazwa ubao wa plaiwudi. Mume wangu alikuwa ameuinamia, penseli sikioni.

"Kapteni Tambara," nikamwambia, "ndiyo umenifukuza kazi bila hata barua?"

"Wiki tatu tu, mama watoto."

Jina hilo sikumpa mimi. Alilipata uwanja wa ndege, alikofanya kazi ya usafi kwa miaka ishirini na sita. Wenzake walifagia kule wanakokaa abiria, yeye akapewa chumba cha rubani, tambara la manjano, na amri moja kutoka kwa msimamizi wake siku ya kwanza: futa, usigeuze. Swichi moja ikihamishwa bila rubani kujua, inaweza kuleta balaa. Basi akafuta miaka yote hiyo na hakugeuza hata kitu kimoja. Siku ya kustaafu alirudi na cheti na tambara. Wifi yangu ndiye aliyelileta jina nyumbani, nami nikalipokea kwa mikono miwili, maana mwanamume asiyekasirishwa na utani ni raha kumtania.

Kisa cha ubao kilikuwa binti yetu. Ndiye kifungua mimba wetu, na ndiye kitindamimba pia, kwa hiyo hatuna wa akiba. Anasomea urubani. Chuoni kwao kuna mtihani ambao lazima mwanafunzi aupite kabla hajaruhusiwa kurusha ndege peke yake. Wanamkalisha kiti cha rubani, ndege imezimwa, wanamfunga kitambaa machoni, halafu mkaguzi anataja vitu ishirini, kimoja kimoja. Mwanafunzi anatakiwa kuweka mkono juu ya kila kimoja papo hapo, kwa ajili ya siku ile ambayo moshi utajaa humo ndani na macho hayatakuwa na kazi. Akikosea kimoja, ameanguka. Binti yetu alikuwa ameshaanguka mara mbili, na ya tatu ndiyo ya mwisho. Akianguka tena wanalikata jina lake.

"Macho yakiwa wazi najua kila kitu, mama," aliniambia siku aliyoanguka mara ya pili. "Yakifungwa tu, mkono unakuwa kama si wangu."

Alikuwa na programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta yake, na kwa hiyo alikuwa hodari kwelikweli. Lakini kwenye kompyuta kila kitu ni kubonyeza herufi, na herufi zote zinafanana mkononi. Ndege yenyewe ya chuo waliigombania wanafunzi kumi na wanane.

Baba yake alisikiliza yote hayo akimenya chungwa. "Ndege gani hiyo?" akauliza. Alipotajiwa, kisu kikasimama. "Ile ya mapangaboi mawili? Hiyo naijua."

"Unajua kuifuta," nikasema mimi, na huu mdomo wangu.

"Ndiyo," akajibu. "Kuifuta."

Kesho yake ndipo nikapoteza meza.

Nilidhani angetafuta mchoro mahali. Hakutafuta. Alilikunja lile tambara mara nne, akalilaza juu ya ubao, akapiga mstari kulizunguka. "Likikunjwa hivi linafunika visahani sita vyenye mishale ya kupimia injini," akasema. "Halizidi wala halipungui." Akalikunjua mara moja, akalisogeza kulia, akapiga mstari mwingine. Vidole vinne hapa, kiganja kule, ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha mwisho pale juu. Hapo nikashindwa kunyamaza, kwa sababu hii ilikuwa fani yangu.

"Kitambaa hurudi kikifuliwa! Unapimia kitu kinachopungua kila wiki?"

"Hili limeshafuliwa mpaka limechoka kurudi."

Nikacheka peke yangu. Siku ya nne binti akaja na vipimo alivyochukua chuoni kwa ruhusa ya mwalimu wake, kwa tepu yangu mwenyewe ya kushonea, vimejaa kurasa mbili za daftari. Niliikamata ile tepu kwa furaha ya mtu anayekwenda kushinda kesi. Nikapima kutoka pembe hadi kisahani cha kwanza, kutoka kisahani hadi kisahani, upana wa safu ya swichi, nafasi ya kati ya mikono ya kuendeshea injini. Nikapima vyote, binti akisoma, mimi nikiitikia. Tofauti kubwa kuliko zote ilikuwa nusu ya ukucha wangu. Nikarudia upya, maana mimi siamini mtu, hata mimi mwenyewe. Ukucha ukawa uleule.

Nimeshona miaka thelathini. Sijawahi kumkata mtu suti kwa kumkumbuka tu. Niliketi juu ya rundo la vitambaa vyangu nikamtazama yule mzee anavyopuliza unga wa mbao kwenye tundu la msumeno.

Baada ya hapo nikampa kopo langu la vifungo, achague vya kuweka mahali pa vitufe vya ndege. Alifumba macho, akawa anavitoa kimoja kimoja na kuvisugua kwa kidole gumba. "Hiki kina meno mengi mno. Hiki kimelala." Alikataa zaidi ya arobaini, akachukua vinne vya makoti ya zamani. Mkono wa kushushia magurudumu aliuwekea kichwa cha mviringo, gurudumu kabisa, amelichomoa kwenye sanduku bovu la safari. Mkono wa mabawa madogo ya kutua aliuwekea kipande bapa alichokipiga msasa siku nzima mpaka kikafanana na bawa.

"Kwa nini wasifanye vyote sawa?" nikamuuliza. "Mimi nikishona shati, vifungo vyote sawa."

"Shati unalifunga unaliona." Akaniwekea kile kigurudumu mkononi, kisha kile kibawa. "Fumba macho. Kipi cha magurudumu?"

Nikamwonyesha bila kufikiri.

"Umesomea wapi urubani?" akaniuliza, anacheka. Halafu akaacha kucheka. "Aliyeiunda hii alijua kuna siku mtu atakuwa haoni kitu, anaogopa, na ana watu nyuma yake. Akauandikia mkono. Mimi nilikuwa nikipitisha tambara nayasoma yale maandishi kila siku, na wala hakuna aliyenifundisha."

Nilirudi kwenye cherehani yangu nikashona bila kumtania, jambo ambalo wifi yangu akilisikia hataamini.

Wiki ya pili ubao ulisimama, umepakwa rangi ya kijivu, mbele yake kiti kilichotolewa kwenye gari bovu. Binti aliingia, akashika mdomo. Akazunguka, akachungulia, akagusa kwa ncha za vidole kama mtu anayegusa mtoto aliyelala. Kisha akaketi, akashika swichi ya kwanza, akasukuma. Akashika ya pili. Akajaribu kile kifungo cha koti.

"Baba, mbona havigeuki?"

Vyote vilikuwa vimegandishwa kwa gundi.

"Vinageuka kwenda wapi?" akauliza baba yake, na hakuwa anatania.

Mimi na binti tukatazamana. Baba yake alijua kila kitu kinavyokaa ndege ikiwa imeegeshwa. Upande wa pili wa kila swichi hakuujua. Miaka yote ile ndege ilikuwa inamngojea ikiwa imelala, na alipomaliza kufuta alishuka, marubani wakaingia, wakaiamsha yeye yuko chini ameshika ndoo. Nilimwonea huruma hata nikataka kumkasirikia mtu, nisimwone wa kumkasirikia.

Wakaanza upya. Binti alimchorea kila kimoja kinakwenda wapi, juu, chini, robo mzunguko. Wakanunua swichi za kweli kwa fundi umeme. Binti akaunganisha nyaya kwenye kibao kidogo cha umeme kinachoiambia kompyuta kila swichi inapohama, akaiweka skrini nyuma ya yale matundu ili kila kisahani kipate mshale wake, na nyuma ya maandishi ya majina ya swichi akapanga taa ndogondogo. Mume wangu alitoboa, akakaza, akapiga msasa. Lakini kila ilipofika kujaribu, alimwita binti. "Njoo ugeuze." Mara ya kwanza nilidhani ni uvivu. Mara ya sita niliuangalia mkono wake vizuri. Ulifika kwenye swichi, ukatulia juu yake, ukarudi magotini.

Swichi moja tu haikujaribiwa, ile ya betri inayowasha ubao mzima. "Hiyo haiguswi mpaka nifaulu," alisema binti. "Mtihani unafanywa ndege ikiwa imezimwa, nasi tutakaa nayo imezimwa." Ubishi huo kautoa kwangu.

Mazoezi yakaanza, kila siku akitoka chuoni. Namfunga macho mimi, kwa mkanda wa kitambaa nilioushona kwa kazi hiyo, baba yake anakaa pembeni kwenye kigoda, karatasi ya majina mkononi. Siku ya kwanza alikosa saba. Vidole vyake vilikuwa vinahangaika huku na huku, vinagonga hiki, vinaruka kile. Siku ya pili akakosa sita, akauvua ule mkanda wa macho akautupa.

"Unakitafuta," baba yake akamwambia. "Ukikitafuta ndiyo unakikosa."

"Sasa nifanyeje, baba?"

Akamwekea tambara la manjano kiganjani. "Futa. Anzia pembe ya juu kushoto, teremka, kila safu kwa zamu yake. Usiulize kitu kiko wapi. Kitapita chini ya mkono wako chenyewe."

Alifuta ubao ule siku mbili nzima bila kutajiwa jina lolote. Nilisikia tu tambara linavyopita, shwa, shwa, na baba yake akisema polepole, polepole mama. Siku iliyofuata akaliweka tambara chini, akafungwa macho, akakosa kimoja. Kesho yake hakukosa.

Mtihani ulikuwa Alhamisi. Siku hiyo nilishona mkono wa kulia wa blauzi mahali pa mkono wa kushoto, nikafumua, nikaushona palepale tena. Mume wangu alifuta ubao mara tatu na haukuwa na vumbi. Saa tisa alasiri mlango ukafunguka, binti akapita mbele yangu bila salamu, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ubao.

"Baba, keti kwenye kiti."

"Sema kwanza."

"Keti kwanza."

Hakuwa amewahi kukikalia kile kiti. Aliketi ukingoni, kama mtu aliyeitwa ofisini. Binti akalichukua tambara la manjano, akamfunga nalo macho.

"Hili ni la kufutia," akalalamika.

"Magurudumu," akasema binti, kwa sauti ambayo si ya nyumbani. Mkono ukaenda. "Mafuta, injini ya kushoto." Ukaenda. "Taa za kutua. Kizima moto, kulia." Vitu ishirini vikaisha, akaongeza vingine ishirini, na ule mkono mzee ukaenda kila mahali bila kusitasita.

"Hivi ndivyo alivyonifanyia mkaguzi," akasema. "Nilipomaliza ishirini akadhani naona. Akanifunga kitambaa cha pili, akataja ishirini vingine. Nikafuta tu, baba. Sikukosa hata kimoja. Akaniuliza nani amenifundisha, anasema hajawahi kuona mkono wa namna hiyo. Jumatatu naruka peke yangu."

Nililia, sifichi. Mume wangu alikuwa amekaa vilevile, macho yamefungwa, mikono magotini.

"Bado kimoja," akasema binti. "Betri."

Mkono ukanyanyuka, ukatua juu ya swichi.

"Iwashe."

Mkono haukusogea. Haukusogea hata mbele ya ubao alioukata mwenyewe, juu ya meza yangu, ndani ya nyumba yake.

"Nani ameruhusu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Rubani," akasema binti. "Mimi."

Ikalia, tak. Taa zikaanza pembe ya juu kushoto, zikateremka safu kwa safu kama alivyokuwa akifuta, na mishale yote ikashtuka ikanyanyuka kwenye visahani vyake. Chumba changu cha ushonaji kikawa na rangi ya kaharabu, manjano iliyoiva, mpaka kwenye nyuzi zangu ukutani.

"Imewaka?" akauliza.

Nikaenda nyuma yake, nikalifungua fundo.

"Angalia mwenyewe, Kapteni," nikamwambia, jina nikalikatia hapo.