Kura ya Sitini

Naibu wa chifu, Gachanja, alivuta kiti mpaka mbele ya jukwaa, akaagiza soda, akawaweka askari wake wawili mlangoni. "Mmenyimwa kibali cha mkutano," akasema. "Nikisikia hotuba moja tu, nafunga hii klabu leo leo."

Ndanu, katibu wa Klabu ya Wafumaji pale Thika, alikunja hotuba yake akaitia mfukoni. Miaka ile ya tisini mwanzoni, watu kukaa na kuzungumza mambo yao wenyewe kulihitaji karatasi ya serikali. Na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupiga kura. Tajiri mmoja wa Ruiru alitaka kulinunua jumba lao alifanye godauni, na wadhamini wa klabu walikuwa tayari kutia sahihi. Katiba ya klabu ilisema wazi: wanachama sitini wakikataa, haliuzwi. Akipungua hata mmoja, kwaheri.

Jumba lenyewe walilijenga wafumaji baada ya mgomo wao mkubwa, kila mmoja na jiwe lake. Ndanu alibeba lake mgongoni kutoka Kamenu, akiwa na mimba ya miezi saba. Halafu aje mtu kurundika magunia humo! Hasira zilimpanda, na hasira hizo ndizo zilizomkumbusha desturi ya zamani.

Wafumaji wa zamani walikuwa wamezibwa masikio na mashine za kiwanda cha nguo. Hotuba hawakuzisikia vizuri, lakini gitaa la besi walilisikia kifuani. Kwa hiyo mambo yao waliyaamua kwa dansi: anayekubali huinuka akacheza, asiyekubali hubaki kitini, na katibu huhesabu. Desturi hiyo ilikuwa imelala miaka mingi.

Alimwendea Dalmas, mpiga gitaa wa bendi. "Dalmas, piga ile ya kura."

"Na huyu?" Dalmas alimtupia jicho Gachanja.

"Leseni yetu iko ukutani. Inasema pombe, muziki na dansi."

Gitaa likalia. Ndanu akashika maikrofoni, akaimba kwa sauti iliyokwaruzwa na vumbi la pamba: jumba hili ni la nani, asiyetaka liuzwe na ainuke. Gachanja aliruka kutoka kitini.

"Mama, hiyo ni hotuba!"

"Ni wimbo, bwana. Soma leseni. Halafu ukae, nisije nikakuhesabu."

Akaisoma. Akaisoma tena. Akakaa.

Watu wakainuka, hata mzee Ndambuki na bakora yake. Waliotamani pesa za tajiri walibaki vitini, wakikodolea chupa zao macho. Ndanu alihesabu, akarudia. Hamsini na tisa.

Dalmas alirudia kiitikio mara ya tatu, mara ya nne. Hakuna aliyeongezeka. Ndanu alitaka kulia.

Ndipo Wamboi wa kaunta, ambaye hakuwa na kura, akapaza sauti: "Aki katibu, kwani wewe si memba?"

Jumba zima likaangua kicheko. Miaka yote ya kura hizo alihesabu wenzake, asijihesabu hata siku moja. Aliweka maikrofoni, akashuka jukwaani, akacheza, na sakafu ikatetema kama kiwandani enzi za shifti kamili. Alijivunia kila mmoja wao, na kwa mara ya kwanza akajivunia yeye mwenyewe.

Wimbo ulipoisha, Gachanja alimalizia soda yake. "Sasa mimi nitaandika niliona nini hapa?"

"Dansi, bwana," Ndanu alijibu, akifungua kitabu cha klabu. Aliandika majina hamsini na tisa, kisha kwenye namba sitini akaandika lake, kwa herufi kubwa.